Lahja, Aliyeongoza Bila Kujua

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Ruokovaara, na ninyi mliosafiri kutoka mbali katika baridi hii, mimi ni Pentti Kemppainen, mdogo wake Reijo ambaye ni mume wa marehemu, na familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu Lahja, ambaye mwenyewe, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, akiwa amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni kwa sababu kulala chali kulimkata pumzi, aliniita akaniambia, "Shemeji, wewe ndiye utakayesoma, kwa hiyo usinipake sukari. Soma na ule msimu wa Lahti, wote. Nikisikia umenipamba nitaamka." Nilimwambia kanisani pana mambo yasiyosemwa, naye akanijibu kwamba hayo ndiyo yasemwe, wengine walishayapongeza kwa matarumbeta.

Marehemu Lahja Inkeri Kemppainen, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Heikura, alizaliwa tarehe 9 Februari 1958 hapa Ruokovaara, katika nyumba iliyo juu ya ziwa, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Eemeli Heikura, mkata miti, na Mama Hilma, aliyefuga ng'ombe sita na kuwajua kila mmoja kwa tabia yake. Mdogo wake Saimi, ambaye amefika jana kutoka Umeå nchini Sweden na amekaa hapa mbele karibu na baba yao, alizaliwa mwaka 1960, na wasichana hao wawili walilala kitanda kimoja, walivaa soksi za pamoja, na walikuwa na lugha yao ya kunong'onezana ambayo hata mama yao hakuielewa.

Lahja alianza shule ya msingi ya Ruokovaara mwaka 1965, na kwa kuwa hapakuwa na gari alikwenda na kurudi kwa skii, akiteleza juu ya theluji, kama watoto wote wa upande ule wa ziwa, ila watoto wa Eemeli hawakuruhusiwa kwenda kama wengine, kwa sababu Mzee Eemeli, ambaye ujanani mwake alikosa nafasi kidogo tu kuingia timu ya taifa, na jambo hilo hakulimeza hadi leo, alikuwa akiwasubiri jioni getini, na aliyefika wa pili alibeba skii za wote wawili, akapasua kuni za kupasha mawe ya sauna ya kuogea kwa mvuke, akakaa nje kwenye kibaraza mpaka mwenzake amalize kuoga, ndipo aingie mawe yakiwa yamepoa. Mama Hilma alijaribu siku moja kuongeza kuni kwa siri, Mzee akazitoa zikiwa zinawaka, akazitupa kwenye theluji, akasema, "Ukimpashia moto wa pili, kesho atataka kuwa wa pili tena."

Mara nyingi wa pili alikuwa Saimi, aliyekuwa mdogo na mwenye miguu mifupi, na Lahja alipofikisha miaka kumi akabuni ujanja, akawa anajikwaa makusudi karibu na geti mara moja kwa juma ili mdogo wake apate sauna ya moto, hadi baba yao alipogundua, akawaita wote wawili, hakuwapiga, akachukua tu mkasi akamkata nywele Lahja hadi kichwa kikabaki wazi, akisema kichwa chepesi hakijikwai. Kuanzia hapo Lahja hakujikwaa tena, na Saimi, ambaye hakuelewa kwa nini dada yake ameacha kumhurumia, akajifunza kukimbia.

Alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1976 mjini Kajaani, akafanya kazi miaka miwili kwenye kiwanda cha maziwa, kisha mwaka 1979 akachaguliwa timu ya taifa ya mbio ndefu za skii, Saimi akamfuata mwaka 1981, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwafanya mabinti hao wakimbie kama alivyoweza baba yao, chama cha skii kikamchukua Mzee Eemeli naye awe kocha msaidizi. Watu wa hapa walifurahi sana, tukasema kijiji kizima kimechaguliwa.

Sasa nafika kwenye msimu alioutaka usomwe, majira ya baridi ya mwaka 1984 kuingia 1985, ambapo mbio za kimataifa zilianza Desemba na kumalizika Machi, zikihama kutoka nchi hadi nchi, na kila mbio ikimpa mkimbiaji alama kulingana na nafasi yake, ili mwisho wa yote mwenye alama nyingi apewe kombe la msimu.

Lahja alishinda mbio ya kwanza, katika milima ya Italia, akashika nafasi ya pili katika ya pili, akashinda tena ya tatu, na aliporudi nyumbani Krismasi akiongoza dunia nzima, Mama Hilma alimpikia uji wa wali na kuweka lozi moja ya bahati ndani yake kama desturi ilivyo, majirani wakaja kumshika mkono, lakini baba yake alikula kimya mpaka wageni walipoondoka, ndipo akamwambia, "Desemba hata mbwa wanakimbia."

Januari, huko Chekoslovakia, Saimi alishinda mbio yake ya kwanza kubwa, akimwacha dada yake nyuma kidogo, na walipovuka mstari wale wawili walikumbatiana wakaanguka pamoja kwenye theluji wakicheka, picha mliyoiona kwenye magazeti. Ambacho hakikuwa kwenye magazeti ni kwamba jioni hiyohiyo Mzee Eemeli alikwenda chumbani kwa Lahja, akachukua skii zake nzuri kuliko zote, zile alizokuwa amezizoea kwa miaka miwili, akazipeleka kwa Saimi, na kesho yake wakati wa chai ya asubuhi akawakataza wasikae meza moja hadi msimu uishe.

"Baba, yule ni mdogo wangu," Lahja alimwambia.

"Mwezi wa nne atakuwa mdogo wako tena," akajibu. "Sasa hivi ni mtu anayekufukuza."

Walitii, kwa maana walikuwa wamezoea kutii, wakawa wanaonana kwenye njia ya mbio na kwenye ngazi za hoteli tu, na Lahja alimwambia mume wake baadaye kwamba kukosa zile skii hakukumuuma kama lile la kumwona Saimi akigeuza uso ukumbini kila baba yao alipoingia, akiwa na hofu ya kuonekana anamtabasamia.

Februari ilipokwisha Lahja alikuwa bado wa kwanza, nyuma yake Mnorwe mmoja aitwaye Randveig, mwanamke mrefu ambaye hakuwahi kumwachia mtu njia, na Saimi alikuwa wa tatu, na ilibaki mbio moja, ya kilomita ishirini, hapa nchini, Lahti, tarehe 10 Machi 1985. Kila gazeti lilikuwa limepiga hesabu hiyo, kwamba Lahja akimaliza ndani ya watano wa kwanza, kombe ni lake, hata wengine wafanye nini.

Siku mbili kabla ya mbio alianza kukohoa, na asubuhi ya mbio aliamka na homa, shuka limelowa, akaenda mwenyewe kubisha kwa baba yake, ambaye aliweka kiganja kwenye paji la uso wake, akakiacha hapo muda, Lahja akafumba macho, kwa maana baba yake hakuwa amemgusa uso tangu utotoni.

"Nimwambie daktari?" akauliza.

"Ukimwambia daktari atakuzuia. Ukizuiwa, kombe linakwenda Norwe. Unataka mama yako asikie hivyo redioni?"

"Sitaki."

"Basi hii si homa. Ni woga. Woga una joto."

Na daktari wa timu alipopita akiuliza kila mmoja hali yake, Mzee Eemeli alimjibu yeye, akisema binti yangu amelala kama mtoto mchanga.

Lazima nieleze hapa, kwa vijana ambao hawakuziona mbio za siku zile, kwamba wakimbiaji hawakuanza pamoja, kila mmoja aliondoka peke yake, nusu dakika baada ya mwenzake, na njia ilikuwa ndani ya msitu, kwa hiyo mkimbiaji hakuweza kujua kama yuko mbele au nyuma ya wenzake isipokuwa kwa kuambiwa na kocha wake aliyesimama kando ya njia na saa mkononi. Randveig aliondoka mara tu baada ya Lahja, Saimi akaondoka mwisho kabisa, na kocha aliyesimama msituni, kwenye mlima mrefu ambao wangeupanda mara tatu, alikuwa Mzee Eemeli.

Lahja alipopanda mara ya kwanza, homa ikimpiga mbele ya macho kama nzi weusi, alisikia sauti ya baba yake kabla hajamwona, "Uko nyuma! Sekunde kumi nyuma! Miguu hiyo umeazima?" akaongeza mwendo, na Randveig aliyekuwa akimwona mgongo akaongeza naye asiachwe. Alipopanda mara ya pili baba yake alikuwa amekuja hadi katikati ya njia, akimkimbilia ubavuni, akimpigia kelele sikioni, "Wa nane! Wa nane, Lahja, mbele ya watu wa kwenu! Mama yako anasikiliza!" Juu kidogo ya hapo mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, mtazamaji tu, alimpungia chupa ya kahawa akamwambia, "Unaongoza, binti!" na Lahja alifikiri anafarijiwa, akamwonea haya mzee yule kwa wema wake, akazidi kujikaza, akaupanda mlima ule akitapika huku anakwenda.

Mara ya tatu hakukumbuka kuupanda. Aliteremka upande wa pili akaanguka kwenye kona, akaamka, akaanguka tena, Randveig akampita na yeye hoi, na mpaka Lahja anafika uwanjani watu walikuwa wamenyamaza, maelfu ya watu kimya, akavuka mstari akiwa wa kumi na nane, akalala kifudifudi skii zikiwa bado miguuni. Wakati huohuo Saimi alikuwa anaingia uwanjani, mwendo wake mzuri, hana haraka, kwa sababu yeye kila alipopanda mlima aliambiwa ukweli, kwamba tulia, wale wawili wanachinjana huko mbele, utawaokota. Mzee Eemeli alikuwa ameteremka kwa njia ya mkato ili awahi, akaja mbio mpaka mstarini, na kwa kuwa Lahja alikuwa amelala njiani, alimruka, akaenda kumpokea Saimi, aliyeshinda mbio na, kwa kuwa Randveig naye alikuwa ameporomoka hadi nyuma, akapata na kombe.

Timu ilirudi Kajaani kwa treni, hapa Ruokovaara palipigwa matarumbeta, tukala keki yenye bendera, mimi pia nilikuwapo nikapiga makofi mpaka viganja vikauma, na hakuna aliyeuliza sana habari za Lahja, tuliambiwa amepata mafua, mpaka mtu mmoja akagundua kwamba Mama Hilma hayupo. Alikuwa amewaacha ng'ombe kwa jirani, mara ya kwanza maishani mwake, akapanda basi hadi Lahti, akamkuta binti yake hospitalini na waya kifuani, na madaktari wakamweleza kwamba ugonjwa ule mdogo umeingia kwenye moyo kwa sababu alikimbia nao, msuli wa moyo umevimba, na hata uvimbe ukiisha moyo huo hautakuwa tena moyo wa mwanzo.

Lahja aliona haya mbele ya mama yake, akasema, "Mama, nisamehe, nilikuwa nyuma tangu mwanzo. Nilijitahidi lakini nilikuwa nyuma tangu mlima wa kwanza."

Mama Hilma akauliza, "Nani kasema ulikuwa nyuma?"

"Baba."

"Redio ilisema unaongoza," mama yake akasema. "Mlima wa kwanza ulikuwa unaongoza, mlima wa pili ulikuwa unaongoza kwa karibu nusu dakika. Mtangazaji alipiga kelele hadi ng'ombe wakashtuka. Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi nikisema, taratibu mwanangu, taratibu, zimekutosha sekunde hizo, mbona unakimbia hivyo?"

Lahja aligeukia ukutani, na mama yake alisema ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtoto huyo akilia kwa sauti tangu aliponyolewa nywele.

Alirudi nyumbani mwezi wa nne, akapanda ngazi za mlangoni akipumzika katikati, akawakuta baba yake na Saimi mezani, kombe likiwa kabatini nyuma yao, na hakuvua hata koti.

"Kwa nini ulinidanganya?" akauliza.

Mzee Eemeli aliendelea kumenya kiazi chake. "Nilikuwa na wawili njiani na kombe moja. Wewe ulikuwa umekwisha kabla hujaanza, nilikupima mwenyewe kwa mkono. Usingefika hata nusu kwa mwendo wako, na yule Mnorwe angekuwa mzima. Nikaona kilichobaki kwako kinatosha kumvunja."

"Nilihitaji nafasi ya tano tu, Baba. Ya tano tu."

"Usingeipata."

"Hukuniuliza."

"Farasi haulizwi," akasema, akaweka chumvi kwenye kiazi.

Saimi alikuwa amesimama, mweupe kama karatasi, kwa kuwa yeye hakujua, na familia inataka hili lieleweke wazi kanisani humu, hakujua, akafungua kabati, akalitoa kombe, akaliweka mezani mbele ya dada yake, akasema, "Chukua, ni lako." Lahja akalitazama, akamtazama mdogo wake, akamuuliza, "Unataka nilichukue?" na Saimi, aliyelelewa kwenye kibaraza kilekile cha baridi, alishindwa kusema uongo, akasema, "Hapana. Je, ingekuwa wewe, ungenipa?" Lahja akafikiri, akajibu, "Nisingekupa," na kwa mkono wake mwenyewe akalirudisha kabatini, akafunga mlango wa kioo, kisha akaenda kulala kwa jirani. Wale dada wawili hawakuligusa tena jambo hilo maisha yao yote, walipigiana simu kila Jumapili kwa miaka ishirini na sita wakizungumza hali ya hewa, watoto na bei ya kahawa, na walipendana, lakini kila mmoja kwa upande wake wa ukuta.

Kikazi, marehemu aliajiriwa na halmashauri mwaka 1986 kuwa dereva wa basi la maktaba, lile la bluu mnalolijua wote, akalipeleka vijijini na vitabu vyake hadi mwaka 2010, akiwa na kipawa cha kujua nani anataka mapenzi, nani anataka vita, na nani anataka tu mtu wa kuzungumza naye. Kila Jumanne alisimama katika shule ya Ruokovaara, ambako kombe la Saimi liliwekwa kwenye kabati la kioo ukumbini, na watoto walimwuliza, "Yule ni dada yako?" akasema ndiyo, wakamwuliza, "Na wewe ulikuwa wa ngapi?" akawaambia, "Wa kumi na nane," nao wakamcheka, naye akawagongea mihuri kwenye vitabu vyao.

Tarehe 20 Juni 1987 alifunga ndoa na kaka yangu Reijo, dereva wa gari la kuondoa theluji barabarani, katika kanisa hili hili, na alipoombwa atembee na baba yake hadi madhabahuni alikataa, akaja na mama yake. Madaktari walimkataza kuzaa, akawasikiliza kwa heshima, na tarehe 3 Mei 1990 akamzaa binti yao wa pekee, Sointu, ujauzito ambao miezi yake ya mwisho aliimaliza akiwa amelazwa, na Reijo anasema hakuwahi kumwona mtu mwoga na mkaidi kwa wakati mmoja kiasi kile.

Sointu alipotimiza miaka minne, babu yake alikuja na zawadi ya skii ndogo nyekundu alizozichonga mwenyewe, kazi safi kwelikweli, akamwambia mtoto, "Njoo babu akuoneshe geti." Lahja alizipokea, akamshukuru, akatoka nazo hadi sauna iliyokuwa inawashwa, akamwita baba yake aje, akazitia katika jiko la sauna moja baada ya nyingine mlango ukiwa wazi ili azione zinavyoshika moto, rangi ikitoa harufu, kisha akamwambia, "Leo mvuke utakuwa mzuri. Karibu uoge." Mzee aliondoka bila kofia, na mtoto alilia hadi akalala, na Lahja hakumbembeleza.

Mama Hilma alifariki mwaka 1996, na mwaka 2002 Mzee Eemeli, ambaye msumeno wa mota ulikuwa umemla masikio tangu zamani, alimaliziwa macho na presha ya macho, akawa hawezi kukaa peke yake, Saimi yuko Sweden, na Lahja, ambaye hakuna mtu angemlaumu kama angekataa, alikwenda kumchukua, akampa chumba cha chini chenye dirisha la ziwa asiloliona. Alimlisha, akamwogesha, akamkata kucha na nywele, na kila asubuhi ya majira ya baridi Mzee alidai kitu kimoja, asomewe matokeo ya mbio za skii gazetini, kwa kupiga kelele kwenye sikio la kushoto ambalo lilikuwa na uhai kidogo. Naye Lahja alimsomea. Alimsomea kwamba Wafini wameshindwa. Siku walizoshinda alisoma wameshindwa, siku walizoshindwa aliongeza wameanguka, kwa miaka tisa timu ya taifa haikupata hata nafasi ya tatu katika sikio la Mzee Eemeli, naye akawa anazeeka kwa aibu, akitikisa kichwa juu ya uji wake.

"Lahja, huyo ni mzee," Reijo alimwambia. "Muonee huruma."

"Namlisha, namvika," akajibu. "Huruma yake iko kwenye uji."

Siku moja jirani yetu Oskari, ambaye hakujua lolote, alikuja kunywa kahawa, akainama kwa furaha akampigia Mzee kelele sikioni kwamba jana wasichana wetu wamechukua dhahabu, na Mzee Eemeli akamsukuma kwa kiwiko, akasema, "Muongo wewe! Kama wangeshinda, Lahja angeniambia." Lahja alikuwa anaosha vyombo. Aliweka sahani chini, akatoka bila koti hadi bandani, na Reijo alimkuta amekaa juu ya gogo, mikono imeloa povu la sabuni. Kesho yake asubuhi alichukua gazeti, akainama kwenye sikio lile, akavuta pumzi, Reijo akidhani ndiyo siku, kisha akamsomea kwamba wameshindwa.

Mchungaji, unisamehe, hili pia aliniagiza nilisome, kwamba ulipokuja kumpa chakula cha Bwana mwezi wa kumi na mbili ulimwuliza kama amemsamehe baba yake, naye akakuambia, "Mchungaji, mimi namwogesha. Kusamehe nisaidie wewe, mimi mikono yangu imejaa."

Kuhusu ugonjwa, moyo wa marehemu ulianza kuchoka kabisa mwaka 2010, akaacha kazi, akalazwa mara kadhaa katika hospitali ya mkoa, madaktari wakafikiria kumwekea moyo mwingine na kuona mwili hautahimili, akaomba arudi nyumbani. Jumamosi ya tarehe 14 Januari 2012, theluji ikiwa imeanguka sana na Reijo akiwa ameitwa barabarani, Lahja aliamka, akampikia baba yake uji, akamwekea kijiko mkononi, akakaa upande wa pili wa meza na gazeti, na hapo kwenye kiti, bila kelele, moyo wake ukasimama. Reijo aliporudi alimsikia Mzee tangu uani, akigonga meza kwa kijiko, "Lahja! Kahawa! Lahja, umelala? Wamekuwa wa ngapi?" na alipoingia aliwakuta wanatazamana, mmoja haoni, mwingine amekwisha kuondoka, na uji wa Mzee umeliwa hadi chini.

Reijo alimfumba mke wake macho, kisha akainama kwenye sikio la kushoto akapiga kelele mara tatu ndipo ikaingia, kwamba Lahja amekufa. Mzee Eemeli akaweka kijiko chini, mdomo wake ukacheza, Reijo akadhani atasema jina la mtoto wake. Akauliza, "Sasa nani atanisomea?" Kuanzia Jumatatu atakaa kwenye nyumba ya wazee ya wilaya, na Sointu, mjukuu wake, aliyeulizwa kama atakuwa anakwenda asubuhi na gazeti, amesema atakwenda, atamkata kucha, gazeti hatalibeba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa waliompa shemeji yetu miaka mingi kuliko waliyomwahidi, muuguzi wa wilaya aliyekuja kwa skii pale barabara ilipofungwa, majirani wa Ruokovaara mliopasua kuni na kuchoma mikate, wafanyakazi wa maktaba mlioleta basi la bluu leo likasimama nje ya kanisa taa zikiwaka, Oskari na vijana wake waliowasha moto siku mbili juu ya ardhi iliyoganda hadi ikakubali kuchimbwa, na Saimi, ambaye tangu jana hajala wala hajalala, na ambaye usiku ule ule wa kufika alimwosha dada yake peke yake, mlango umefungwa, tukimsikia kutoka nje akimnong'oneza kwa ile lugha yao ambayo hakuna aliyebaki wa kuielewa. Baada ya mazishi tunawakaribisha ukumbi wa usharika kwa kahawa na supu ya samaki.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mdogo wake mmoja na baba.

Lahja Inkeri, nimesoma yote. Sasa lala, shemeji, na amani iwe nawe.